Paa Lisilotoa Maji

Mtoto akilala pajani mwako hutaki kumwamsha. Ganzi huanzia hapo, kwenye kupenda.

Mwanzo unausikia uzito wake, na ni uzito mtamu. Nzi akitua usoni mwake unamfukuza kwa upepo wa mkono. Watu wakipita wakipiga kelele unawafanyia ishara: taratibu, amelala. Kisha mguu unawasha. Kisha unachoma. Kisha haupo. Unautazama, upo, unauita, hauitiki. Mtoto hana kosa, amelala tu. Wewe huna kosa, umekaa tu. Lakini siku ukiambiwa nyanyuka, nyumba inaungua, ndipo utakapojua kwamba mguu mmoja ulikwisha kukuaga zamani.

Mji wetu umekaa hivyo, na Jumba la Nchi, lenye makarani na mihuri ya nchi nzima, limelala mapajani mwake.

Sijui Jumba lilikuja lini. Nimeuliza. Mmoja ananiambia lilikuja enzi za babu yake, mwingine anasema lilikuwapo kabla ya mji, mwingine anasema halijafika bado, na hili tunaloliona ni kivuli chake kilichotangulia. Mimi nakumbuka vumbi la mawe yake, ila sijui kama nililiona au nilisimuliwa. Nchi ni kubwa, walisema, na kitu kikubwa lazima kikae mahali. Kikachagua kwetu. Tukapiga vigelegele. Wanawake walifagia njia. Wenye vibanda walivisogeza nyuma. Mzee mmoja alikata mpapai wake, nao unazaa, ili kona ya ukuta ipate kupita, na mapapai akawagawia mafundi. Wema ule sijausikia ukitajwa tena popote, kwa hiyo nautaja hapa.

Katika mji wetu kodi ya nyumba hulipwa kwa maji. Ni jambo jepesi, hata mtoto analielewa. Kila paa lina mlizamu wake, ule mdomo wa kutolea mvua. Kila mlizamu umeelekezwa kwenye mfereji wa mtaa, na mifereji yote inakwenda kwenye tangi la mji. Paa dogo hudaka mvua kidogo, likatoa kidogo. Paa kubwa hudaka nyingi, likatoa nyingi. Hakuna wa kukuonea wala wa kukupendelea, maana mthamini ni mbingu yenyewe. Maji ya tangi ndiyo yanayozima moto, yanayosafisha soko, yanayopika uji wa skuli. Ndiyo yanayowaogesha watoto wanaozaliwa katika Nyumba ya Uzazi, ambako mimi nimefanya kazi tangu nilipokuwa na meno yote. Anayekaa mjini hunywa tangini. Anayekunywa tangini hutoa mvua yake. Basi.

Jumba lina paa kubwa kuliko mapaa yetu yote yakishonwa pamoja. Mvua ikinyesha, sehemu kubwa huangukia pale. Na Jumba halitoi hata tone. Linakunywa tangini kama sisi. Wakazi wake wanaoga, wanafua, wanamwagilia majani ya uani. Taka zake tunazoa sisi. Taa za njia yake tunawasha sisi. Likishika moto, sisi ndio tutakaokimbia na ndoo. Lakini mlizamu wake umezibwa, na aliyeuziba si mwizi. Tuliuziba wenyewe, kwa adabu.

Mila yetu ni hii. Nyumba mpya haitozwi masika ya kwanza. Wenyewe bado wana chokaa mikononi, bado hawajajua jua linaingilia dirisha gani. Waachie maji yao wasafishie. Basi bibi mkubwa wa mtaa hukunja kanga kuukuu, hupanda juu, huziba mlizamu, na akishaziba husema: "Karibu, jioshe." Masika ya pili yakikaribia, bibi mkubwa hupanda tena, huchomoa kanga, husema: "Sasa tuoshane." Hapo ndipo nyumba inakuwa ya mjini. Nyumba ambayo haijachomolewa kizibo huitwa ngeni, hata kama mwenye nyumba ana mvi. Na sharti kichomolewe kabla ya mvua, kanga ikiwa kavu. Ikishakunywa maji huvimba ikang'ang'ania mawe, huwezi kuitoa mpaka kiangazi kingine.

Jumba lilizibwa na Bi Mize, mwanamke mrefu, mchekeshaji, aliyekuwa mkubwa wa mabibi wote. Kisha likatokea kosa, kosa la watu wenye adabu. Ukuta wa Jumba unagusa mitaa yote. Masika ya pili yalipokaribia, Bi Mize hakuwapo tena, na bibi wa mtaa wa mashariki alisema: sitamtangulia mwenzangu wa magharibi. Wa magharibi akasema: aliye karibu na mlango mkubwa ndiye mwenye haki. Wa karibu na mlango akasema: mimi mdogo kwao wote. Kila mmoja akamwachia mwenzake heshima. Heshima ikapita mkono hadi mkono, mvua ikanyesha juu yake. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Kisha wakaanza kufa mmoja mmoja, kwa adabu ileile, kila mmoja akimpisha mwenzake.

Nimebaki mimi. Jina langu Rehani.

Nani mkubwa? Mimi. Nani mdogo? Mimi pia, kwa maana sijawahi kuacha kuwa yule aliyetumwa kuni. Mtu hafiki kwenye ukubwa; wenzake huondoka tu, akajikuta amesimama hapo peke yake.

Ganzi ilianza kwa wale waliokaa karibu na ukuta. Muuza kahawa aliungua vidole, hakujua mpaka aliposikia harufu. Mshona viatu alijidunga akashona mpaka jioni. Watu wakaacha kupeana mikono, kwa sababu hakuna aliyejua kama ameshaachiwa. Hatukulia. Kilio kinataka mahali pa kuuma. Tulisema: labda ni baridi. Tulisema: labda ni umri. Watoto nao wakawa nayo, tukasema: labda ni zama.

Mimi ilinipata mikononi. Mwogeshaji wa watoto wachanga asiyeyasikia maji ni mtu wa hatari, na nilijua. Ningefukuzwa. Lakini nesi Raya, anayeniletea beseni, aliliona hilo bila kuambiwa. Tangu siku hiyo kila akiweka beseni chini hunipitia karibu na sikio, kama mtu anayeokota kitu, na kusema polepole: "Vuguvugu, bibi." Au: "Bado ya moto, bibi." Wazazi hawajawahi kumsikia. Nimeogesha watoto wa mji mzima kwa mikono ya Raya.

Kisha asubuhi moja, mwisho wa kiangazi, Raya alikuja nyumbani kwangu badala ya mimi kwenda kwake. Alikaa kizingitini. Mjukuu wangu Salha alikuwa ameegemea ukuta na tumbo lake kubwa, anachagua mchele.

"Tangi limeshuka chini ya mdomo wa bomba letu," Raya alisema. "Wamesema Nyumba ya Uzazi ifungwe. Wajawazito watapelekwa ng'ambo ya kilima."

Alilisema kama mtu anayesoma bei ya chumvi. Hatukulaumiana kwa sauti zetu. Zote zilikuwa hivyo. Mwanamke wa mwisho aliyepelekwa ng'ambo ya kilima alirudi peke yake.

Salha akapeta mchele. "Kwa hiyo mimi nitazalia njiani kama mbuzi wa mnada?"

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Nisemeje, bibi? Tangi linakauka, na juu ya lile Jumba kuna maji ya kufugia viboko kila masika. Kachomoe kizibo."

"Mimi si mkubwa wa..."

"Nani mkubwa kuliko wewe? Umebaki wewe na yule kobe wa bustani ya posta. Tukamtume kobe?"

Raya alicheka, kisha akaangalia mawingu. Yalikuwa yamekaa upande wa kusini, mazito, bado hayajaamua. "Mvua ikitangulia," alisema, "kanga itavimba."

Nikajifunga kanga yangu nyingine juu, nikaenda.

*

Mlango wa Jumba haufungwi. Hilo ni jambo jema, nalisema. Mlinzi aliniona natafuta pa kukanyaga, akanivutia ubao. Maana ndani ni maji. Paa lisilotoa maji haliyahifadhi; linayaachia ndani, polepole, kwa miaka. Makarani walivaa mabuti ya mpira. Kila meza ilikuwa na mwavuli, na chini ya kila tundu palikuwa na ndoo. Kuta zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Watu walifanya kazi wakiwa na maji hadi vifundoni, na nje ya ukuta, hatua chache, sisi tulikuwa tunachota matope. Nilisimama nikalitafakari hilo mpaka nikachoka. Hawakuwa wanatuficha maji. Walikuwa wanazama ndani ya kile tulichokuwa tukifa kwa kukikosa, na wao pia hawakusikia kitu, kwa kuwa miguu ilikuwa ndani ya mabuti.

Kila chumba kilikuwa na kalenda. Kila kalenda iliandikwa: Mwaka wa Kwanza.

Nilipita vyumba. Katika kimoja watu walikuwa bado wanapaka chokaa. Katika kingine vigelegele vyetu vya siku ile vilikuwa bado vinasikika, vimechoka, kama redio ya jirani. Katika kingine kulikuwa na msichana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula ubuyu, vidole vyekundu. Alikuwa mimi. Aliniangalia kama unavyomwangalia bibi yeyote, akasogeza miguu nipite. Nilifurahi kwamba alisogeza. Sikumsemesha. Ningemwambia nini? Kwamba vidole hivyo vitakuja kulala?

Mwisho wa vyumba alikuwapo karani wa kalenda, na nilimjua kabla hajainua uso. Alikuwa Faki, mtoto wa Bi Mize.

Faki huyu, nilipokuwa kigoli, alinikuta njiani nimeshusha mtungi umenishinda, akaubeba mpaka kwetu, akaondoka bila kungoja shukrani. Alikuwa mkubwa kwangu, kijana mwenye ndevu za kwanza. Na sasa alikuwa mbele yangu, na ndevu zake zilikuwa zilezile za kwanza.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Mdomo wangu ulitaka kumwamkia yeye. Ulifunguka kabisa. Nikaukunja, nikasema: "Marahaba."

Alinyanyuka, akanipa kiti chake, akafuta unyevu kwa leso yake, akaitandika ili nisikae penye baridi. Nisingeisikia hiyo baridi, lakini leso niliiona.

Nikamwambia nilichokijia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha ukutani.

"Jumba ni jipya, bibi. Nyumba mpya haitozwi. Mila yenu wenyewe."

"Na mwaka wa kwanza utaisha lini, mwanangu?"

"Tunausubiri uishe."

"Naye nani anayegeuza kalenda?"

"Mimi."

Tone lilianguka kwenye mwavuli wake. Aliangalia meza.

"Halafu," alisema, kama mtu anayeokota neno alilolidondosha zamani, "Jumba ni la nchi nzima. Na wewe ni nchi. Ukilitoza Jumba, unajitoza mwenyewe. Mkono wa kulia hauwezi kuudai wa kushoto."

"Haudai. Lakini hakuna mkono unaojisugua wenyewe. Wa kulia husuguliwa na wa kushoto. Sasa wa kushoto umekufa ganzi." Nikamwonyesha. Nilibana kidole kwa ukucha mpaka kikaacha alama, nikamwangalia usoni ili ajue sikusikia. "Ni la nchi nzima, sikatai. La mtu wa milimani, la mtu wa bondeni, la mtu wa mpakani. Lakini kiu yake imewekwa kwa mji mmoja. Mtu wa milimani akija hapa kugongewa muhuri, anakunywa kikombe cha mjukuu wangu. Naye mtu mwema, angejua asingekinywa. Kama Jumba ni la wote, basi maji yake yatoke kwa wote, yatoke juu ya paa lake."

"Jumba limewaletea watu, bibi. Wauza maandazi wenu wanauza kwa ajili yetu."

"Kweli, na tunashukuru. Na nyumba ya muuza maandazi inatoa mvua yake."

"Tunaweza kutoa zawadi. Siku ya sherehe. Gari la maji, ngoma mbele, watu wapige picha."

"Zawadi ni nzuri. Ila Salha hatamwambia mtoto angoje ngoma. Na gari hilo, mwakani likija ni hisani, lisipokuja ni kimya. Mji hauwezi kujengwa juu ya labda." Nikapumua. Nilikuwa nimesema maneno mengi kuliko niliyoyasema mwaka mzima. "Sikuja kuchukua zaidi, mwanangu. Sitaki samani zenu. Sitaki hata maji haya yaliyowapandia. Nataka kile ambacho mbingu inaangusha juu ya paa lenu, kipimo kilekile inachoangusha juu ya langu."

Alipangusa unyevu mezani kwa kiganja muda ambao nje ungekuwa mrefu. Mle ndani sijui ulikuwa nini.

"Bibi," alisema, "siwezi kukupandisha. Juu yuko mtu."

"Nani?"

"Mama. Kila siku nampelekea chai." Akaitazama kalenda, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, ya yule kijana wa mtungi: "Huko nje, mama yangu yuko wapi?"

Mimi nilikuwapo matangani kwa Bi Mize. Nilipika. Nakumbuka moshi, nakumbuka jinsi watu walivyocheka katikati ya kilio, kwa kukumbuka vichekesho vyake. Faki hakuja, walisema ana kazi Jumbani. Nilimtazama, nikaelewa kwa nini mwaka haugeuki. Sisi tulidhani ni sheria. Tulidhani ni nguvu, ni dharau, ni hila za wakubwa. Huenda katika vyumba vingine ilikuwa hivyo. Hapa palikuwa na mtu mmoja asiyetaka kuambiwa.

Nikamwambia: "Nipeleke nikamsalimie."

Alichukua kikombe cha chai, akaniongoza. Kwenye ngazi alinipa bega lake nishike. Hakusema nishike, alilisogeza tu pale mkono wangu ulipokuwa ukitafuta.

*

Juu palikuwa pakavu, peupe, pana kama uwanja. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu na kuacha michirizi ya matope. Mawingu yalikuwa yameshaondoka kusini. Yalikuwa juu yetu. Kwenye kona ya ukuta mfupi, mgongo ukiwa umeegemea mlizamu, alikaa Bi Mize, miguu ameikunja, kanga yake ya kizibo imechungulia nyuma yake kama mkia.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Umechelewa. Wewe wa nani?"

"Rehani. Wa Bi Hidaya msuka mikeka."

"Rehani!" Alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe si juzi tu nimekufukuza kwenye ubuyu wangu? Mbona umezeeka bila kuaga?"

"Huko chini kunazeekwa, Bi Mize."

"Kumbe. Na mimi nimekaa hapa kama yai chini ya kuku. Niliziba, nikasema nitangoja masika ya pili nichomoe nishuke. Hayafiki. Kila asubuhi huyu ananiambia, bado, mama." Alipokea chai, akanywa. "Chai yake nayo. Haina moto, haina baridi. Haina sukari wala haikosi sukari. Rehani, mwanangu ananipenda, lakini chai yake haina siku."

Faki alisimama na mikono imening'inia.

Nikapiga magoti mbele ya mlizamu. "Nimekuja kuchomoa."

"Ukichomoa," Faki alisema, "mwaka utageuka."

"Ndiyo."

"Na mama?"

Nikabaki nimepiga magoti. Nimewaambia watu wengi habari nzito, na nimejifunza kwamba swali la namna hiyo huwa limekuja na jibu lake. Unachoweza kufanya ni kutoondoka.

Bi Mize ndiye aliyesema. Aliweka kikombe chini, akajipapasa magoti. "Faki. Njoo. Gusa hapa. Unasikia kitu?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi. Umenikalisha kwa mapenzi, najua. Lakini mtu akikalishwa sana hata mapenzi hayamfikii. Nisimamishe."

"Mama, ngoja kidogo."

"Nimengoja. Huko chini kuna mtoto anangoja kuogeshwa. Si ndiyo, Rehani?"

"Ndiyo. Wa mjukuu wangu."

"Una mjukuu! Haya ni matusi sasa." Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha matangani, kile tulichocheka kwa niaba yake.

Tone la kwanza lilianguka kati yetu, likaacha doa kubwa kama sarafu. Kisha jingine. Bi Mize alijivuta pembeni, nikaingiza vidole kwenye mlizamu, nikatafuta kanga ilikokazwa. Niliona vidole vikiingia. Niliona nguo. Lakini sikujua kama nimeshika nguo au nimeshika hewa, na mvua ilikuwa imeanza kuandika juu ya mawe. Nilivuta, mkono ukarudi mtupu. Nikavuta tena. Mtupu. Nikajiona kama mtu anayejaribu kufungua mlango kwa mkono wa mtu mwingine. Nikawaza bila huzuni, kama unavyowaza juu ya mambo ya jirani: basi, imekwisha, kiangazi kingine.

Faki akapiga magoti karibu nami.

Alitazama ndani ya mlizamu kwa muda. Mvua ilikuwa ikimwingia shingoni. Angeweza kunyamaza, mvua ingemfanyia kazi yake, kanga ingevimba, na kesho angepeleka chai. Badala yake aliinama karibu na sikio langu.

"Kulia kidogo, bibi," alisema. "Hapo. Umeishika. Naiona, umeishika. Vuta."

Nikavuta. Naye akaweka mkono wake juu ya wangu, tukavuta pamoja. Kanga ikatoka, ndefu, ya kahawia, imegeuka kuwa kama ngozi, na nyuma yake vumbi la zamani na mbawa za wadudu.

"Sasa tuoshane."

Sauti ilitoka kinywani mwangu, lakini haikuwa yangu. Ilikuwa na kicheko ndani yake. Nilipogeuka, pale kwenye kona palikuwa na kikombe, kimejaa mvua. Faki alikuwa amepiga magoti vilevile, na mvua ilikuwa ikimwosha ule ujana kama chokaa mbichi. Nywele zikawa nyeupe. Mashavu yakashuka. Mgongo ukatafuta mahali pake pa kuinamia. Hakupiga kelele. Alikuwa akilia kwa sauti ya mzee, kilio kilichokuwa kimeandaliwa miaka mingi, na nilikaa naye mpaka alipokimaliza. Tulilowa wote wawili.

Maji yalitoka kwanza meusi. Kisha rangi ya chai. Kisha yakawa maji, yakashuka ukutani, yakaingia kwenye mfereji ulioota magugu, nikasikia watu chini wakiitana. Mtu alikuwa akikimbia na jembe kuzibua magugu.

Faki alijifuta uso.

"Shikamoo, kaka Faki," nikasema.

Alinitazama. Nadhani aliuona mtungi.

"Marahaba, Rehani," akasema. "Haya, tushuke. Kuna watu humu ndani hawajui kama wamelowa."

*

Sijui ni siku ile au nyingine. Tangu tuliposhuka vidole vyangu vilikuwa vinachomachoma, kama mguu unaorudi baada ya mtoto kunyanyuliwa. Si raha. Nilitaka kuviweka mahali nivisahau, havikukubali. Muuza kahawa alinipita njiani amekunja uso, anapuliza vidole, akaniambia: "Bibi, vinauma!" Alikuwa kama mtu anayelalamika, na alikuwa kama mtu anayetangaza harusi. Jumba lilikuwa palepale, kubwa vilevile. Makarani walikuwa madirishani wakikamua soksi.

Salha alizaa msichana katika Nyumba ya Uzazi, kwa kelele nyingi. Alimtukana mumewe, alitukana kilima, alimtukana hata kobe.

Wakanipa mtoto, bado ana utelezi wa alikotoka. Raya akaleta beseni, akaliweka chini. Akainama kupita karibu na sikio langu, kama kawaida yake, kama mtu anayeokota kitu.

Nilikuwa nimeshatia mkono.

"Ya moto," nikasema. "Ongeza baridi."

Raya akabaki ameinama. Akanitazama mkono, akanitazama uso. Kisha akachukua kata, akaenda bombani, akafungua.